Ibada, ushirika na sadaka msimu wa sikukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya washarika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) tulioko Dar es Salaam, hasa wale ambao ikifika katikati ya Desemba mwili uko mjini lakini akili imeshafika Moshi na vijiji vya Mlima Kilimanjaro. Maswali haya tunaulizwa mlangoni baada ya ibada, kwenye jumuiya, na mengine saa sita usiku kwenye kundi la WhatsApp. Wazee wa kanisa tumejibu kwa jinsi tunavyofanya usharikani kwetu. Usharika wako unaweza kuwa na utaratibu tofauti kidogo, kwa hiyo matangazo ya kwenu ndiyo ya kusikiliza kwanza.

Ratiba ya ibada za Desemba ikoje?

Majilio, yaani majuma ya kungoja Krismasi, yana Jumapili 4. Ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na hapo ndipo mwaka mpya wa kanisa unapoanza, mwezi mzima kabla ya ule wa kalenda. Baada ya hapo kuna ibada ya mkesha tarehe 24 jioni, Krismasi tarehe 25, ibada ya tarehe 26, Jumapili inayofuata, kufunga mwaka tarehe 31 na kufungua mwaka tarehe 1 Januari. Zinaweza kufika ibada sita ndani ya siku tisa. Mwaka 2026 Krismasi ni Ijumaa, maana yake kuanzia mkesha wa Alhamisi hadi Jumapili kuna ibada kila siku mfululizo. Wanakwaya, tunzeni sauti.

Angalizo kwa wanaobaki mjini: Jumapili ya mwisho ya Desemba sharika nyingi za Dar huunganisha ibada za asubuhi kuwa moja, kwa sababu watu wamepungua. Kila mwaka kuna familia inayofika ibada ya pili na kukuta mlinzi anafagia. Angalia ubao wa matangazo.

Mbona kwenye Majilio hatuimbi nyimbo za Krismasi, wakati madukani zinapigwa tangu Novemba?

Kwa sababu Majilio ni muda wa kungoja. Kitambaa cha madhabahu ni cha zambarau, na nyimbo ni za kumngoja Bwana na za toba. Ikifika mkesha kitambaa kinakuwa cheupe na nyimbo zinafunguliwa, na Krismasi ya kanisa inaendelea hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Duka linafunga Krismasi tarehe 26; sisi ndiyo kwanza tumeanza.

Nasafiri kwenda nyumbani tarehe 20. Nahitaji barua kutoka usharikani?

Kwenda kusali tu, hapana. Mlutheri ni Mlutheri Kimara na ni Mlutheri Machame. Ukishapata kipaimara na huna kizuizi cha usharika wako, unakaribia Meza ya Bwana popote palipo na usharika wa KKKT.

Barua inahitajika kama kuna jambo la kuandikwa kitabuni: ubatizo, ndoa, kipaimara cha mtoto, au kama unahama moja kwa moja. Hapo mchungaji wa kule atataka kujua wewe ni nani, na si ubabe. Watu wanaojaza kanisa lake wiki hiyo wengi amewaona mara ya mwisho Krismasi iliyopita, na wengine hajawaona kabisa.

Tunataka mtoto abatizwe nyumbani, bibi na babu waone. Tufanyeje?

Ni jambo jema, na sharika nyingi za mlimani huwa na ubatizo tarehe 26 kwa sababu hiyohiyo: ukoo wote umekusanyika. Tatizo ni watu kukumbuka wakiwa tayari wameshapita Same.

Anzeni Novemba. Mwombeni mchungaji wenu wa Dar barua inayosema ninyi ni washarika hai na kwamba mmepata mafundisho ya wazazi. Mtumieni mchungaji wa kule nakala mapema, kisha mpigieni simu. Wadhamini wa ubatizo wawe Wakristo waliopata kipaimara, na wajue kwamba wameteuliwa. Tumewahi kuona shangazi anaambiwa kwenye ngazi za kanisa, mtoto yuko mkononi tayari. Kama ndoa yenu bado haijafungwa kanisani, semeni ukweli kwa mchungaji wa Dar kabla ya safari. Mara nyingi kuna njia, ila haipatikani kwenye foleni ya tarehe 26 asubuhi, watoto wanalia na mpiga picha anasukuma watu.

Cheti cha ubatizo hutolewa na usharika uliobatiza. Usiondoke bila kuuliza kitakuwa tayari lini, na nani atakichukua.

Bahasha yangu ya sadaka ya ahadi ya Desemba niiache Dar au niende nayo nyumbani?

Iache Dar. Hapa tutasema wazi, hata kama kuna watakaonuna.

Ahadi uliyoandika Januari uliuahidi usharika huu. Desemba watu wanasafiri, lakini bili ya umeme haipandi basi la Moshi. Mwinjilisti anabaki, mlinzi anabaki, mhudumu wa ofisi anabaki, na wote wanasubiri posho kabla ya sikukuu kama wewe unavyosubiri mshahara wako. Mwezi ambao kanisa la mjini linabaki na robo ya watu ndio mwezi wenye matumizi mengi: sikukuu ya watoto, zawadi za wazee, kufunga hesabu za mwaka. Ukiondoka na bahasha mfukoni ukisema utaileta Januari, Januari ina ada za shule, nawe unajua mwisho wake.

Kule mlimani hali ni kinyume chake. Krismasi kanisa linafurika hadi watu wanakaa nje chini ya miti, sahani hazitoshi, wazee wanazunguka na vikapu. Magari yamepangwa kutoka getini hadi barabarani. Kisha kuanzia tarehe 2 Januari yanaanza kushuka: Himo, Mwanga, Same, na safari ya Dar. Wanaobaki ni bibi na babu wanaotoa mayai na ndizi, na paa linasubiri masika ya Aprili ndipo lianze kuvuja. Usharika wa namna hiyo una mwezi mmoja wa neema na kumi na moja ya kubahatisha.

Mtume Paulo alilijua tatizo hili. Katika 1 Wakorintho 16:2 anawaagiza watu kila siku ya kwanza ya juma waweke akiba kadiri ya kufanikiwa kwao, ili michango isianze kukusanywa siku yeye akifika. Sisi tumegeuza: tunangoja tufike ndipo tuchange.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Ahadi ya usharika wa Dar uitoe kabla ya kusafiri. Krismasi nyumbani toa sadaka ya ibada na ya shukrani kama kila mwabudu. Halafu, kama kweli unaupenda usharika uliokulea, uliza namba yao ya malipo na uwatumie kidogo kila mwezi. Elfu tano kwa mwezi ni elfu sitini kwa mwaka. Elfu sitini ya siku moja inatangazwa, watu wanapiga makofi, inaisha. Elfu tano ya kila mwezi mtunza hazina anaweza kupangia nayo kazi.

Sadaka mbona ni nyingi hivi? Krismasi nilihesabu tano.

Hukukosea. Kuna sadaka ya ibada, ambayo ni ya wote. Kuna sadaka ya ahadi, ile ya bahasha yenye namba yako. Kuna shukrani, kwa aliyepona, aliyejifungua, aliyepata kazi, aliyefika salama kutoka safari. Kuna ya jengo. Tena siku za sikukuu hutokea sadaka maalumu iliyoelekezwa na dayosisi au usharika, kwa mfano ya wahitaji au ya kazi za misioni.

Hulazimiki kuinuka kila mara. Kama umejipangia shilingi 10,000 kwa siku hiyo, unaweza kuigawa au kuiweka yote mahali pamoja. Wazee tunajua kwamba kuna viongozi wa ibada wanaoongeza sadaka papo hapo mtu akiona kanisa limejaa. Jambo hili tumelisema kwenye baraza na tutaendelea kulisema: sadaka isiyokuwa kwenye mpango wa ibada isiingizwe kwa sababu tu wageni wana magari mazuri.

Sina kitu kabisa mwaka huu. Naona aibu kukaa tu wenzangu wakienda mbele.

Njoo. Krismasi hainunuliwi tiketi mlangoni.

Kuna wanaosema waziwazi kwamba wamekosa ibada ya Krismasi kwa kukosa noti. Sikia: hakuna mzee anayeandika nani ameinuka na nani amekaa. Kama kutembea mbele mkono mtupu kunakusumbua, baki kwenye benchi uimbe. Sharika nyingine washarika wote huenda mbele kwa mstari, na hapo unaweza kwenda, ukagusa sahani, ukarudi, hakuna anayechungulia. Yesu alipokaa kulielekea sanduku la hazina, katika Marko 12, aliyemvutia alikuwa mjane mwenye senti mbili.

Na kama hali ni ngumu kiasi kwamba hata chakula cha sikukuu hakipo, mwambie mzee wa jumuiya yako. Sehemu ya sadaka ya wahitaji ipo kwa ajili hiyo, na itakufikia kimya kimya.

Nguo za watoto ni zilezile za mwaka jana. Twende hivyohivyo?

Ndiyo. Zifueni, zipigwe pasi, mje. Mwaka mpya wa nguo hauko kwenye liturujia.

Mnada baada ya ibada unaendeshwaje? Mume wangu ni wa huko mlimani, mimi natoka pwani na sijawahi kuuona.

Utaufurahia. Washarika wengi wa vijijini hutoa mazao: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, chupa ya maziwa, boga, kahawa, kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Vyote vinabebwa hadi madhabahuni na kuombewa, kisha baada ya baraka ya mwisho vinatolewa nje kuuzwa. Watu wanasimama duara, matarumbeta bado yanapulizwa upande mmoja, na mzee mwenye sauti kubwa anapanda juu ya kreti ya soda.

Anainua kuku. "Jogoo huyu, nani ana elfu kumi na tano?" Mtu anataja, mwingine anapandisha. Utani unarushwa kwa Kichagga, na hata kama huelewi neno utaelewa kwamba shemeji yako ndiye anayechekwa. Ikifika mahali hapandi tena, mnadi anahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, amechukua. Fedha inalipwa hapo hapo kwa mzee mwenye daftari.

Sasa mambo ambayo mgeni hajui. Kwanza, aliyenunua anaweza kurudisha kitu kiuzwe tena. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu na mwisho akapelekwa kwa bibi yule yule aliyemleta, naye anaondoka naye kwapani akicheka. Pili, unaweza kumnunulia mtu: "Mpeni mama mchungaji," au "Ni ya mzee aliyekaa pale kwenye kiti." Tatu, usitaje bei ambayo huna mfukoni. Deni la mnada ni baya kuliko deni la dukani, maana umelikopa mbele ya kijiji kizima, na daftari linasomwa.

Jambo la mwisho ni ombi. Sisi tunaotoka mjini tumeuharibu mnada kidogo. Trei ya mayai inafikishwa elfu hamsini kabla mwenyeji hajafungua mdomo, na mama wa jirani aliyetaka kununua mayai kwa bei ya kawaida, akatoe na chake kwa njia hiyo, anabaki mtazamaji kanisani kwake. Vitu vichache vya mwanzo waachieni wenyeji. Jogoo mkubwa na mbuzi wakija, hapo shindaneni mpaka jioni.

Naweza kutoa sadaka kwa simu?

Ndiyo, na wakati wa safari ndiyo njia rahisi. Tumia namba ya malipo ya usharika iliyobandikwa kwenye ubao na kwenye bahasha. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Linapaswa kuwa jina la usharika. Likitokea jina la mtu binafsi, simama hapo hapo, hata kama mtu huyo unamfahamu na unamheshimu. Sehemu ya kumbukumbu andika namba ya bahasha yako, la sivyo fedha itaingia lakini haitajulikana ni ya ahadi ya nani, na Januari tutakuwa tunaulizana. Tunza ujumbe wa uthibitisho.

Jihadharini na meseji za matapeli. Desemba zinaongezeka: "Bwana Yesu asifiwe, ni mimi mchungaji, natumia namba hii kwa muda, nina mgonjwa hospitali, nitumie laki moja nitarudisha jioni." Mchungaji wetu akiwa na shida hataomba hivyo. Mpigie kwenye namba yake ya siku zote. Kama haipatikani, mpigie mzee wa kanisa, na usitume kitu hadi umesikia sauti.

Nani anahesabu sadaka, na nitajuaje zimefika?

Sadaka huhesabiwa siku hiyo hiyo, ofisini, na wazee zaidi ya mmoja, wanaopokezana zamu. Kila aina ya sadaka inahesabiwa peke yake, inaandikwa kwenye kitabu, wahesabuji wanatia sahihi, kisha inapelekwa benki. Jumla yake inasomwa kwenye matangazo ya Jumapili inayofuata.

Una haki ya kuuliza. Hapa Tanzania watu wengi huona haya kuuliza habari za fedha kanisani, kana kwamba ni kukosa imani. Sivyo. Mtu aliyetoa bahasha mwaka mzima akitaka kuona kama namba yake imeandikwa sawa, mhasibu atafungua kitabu amwonyeshe ukurasa wake. Wa kwake tu, siyo wa jirani.

Mimi ni Mlutheri wa Machame, mke wangu ni Mkatoliki wa Kibosho. Krismasi tunasali wapi?

Swali hili lina historia ndefu kuliko ndoa yenu. Mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walishatangulia Kilema, na mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig wakaanza kazi Machame. Mlima ukagawanyika hivyo: Machame, Marangu, Mwika na Old Moshi wengi wakawa Walutheri, Kibosho, Kilema na Rombo wengi wakawa Wakatoliki. Wajukuu wao wamekutana Dar na kuoana, na sasa Desemba mnatazamana.

Familia nyingi tunazozijua hugawa: mkesha kwa mmoja, Krismasi kwa mwingine, na mwaka unaofuata wanabadilishana. Inafanya kazi vizuri, hasa kwa kuwa mabonde ya kuvuka ni machache. Ukiwa misani, imba, piga magoti, sikiliza mahubiri. Ukisalimiwa "Tumsifu Yesu Kristo", itikia "Milele, amina", huna ulichopoteza. Komunyo usiende kupokea. Kanisa Katoliki halitoi komunyo kwa Mlutheri katika misa ya kawaida, na kumweka padri katika hali ya kukukatalia mbele ya wakwe si heshima. Sadaka yao toa kwa moyo mweupe.

Kinachovunja nyumba si ibada. Ni mama mkwe kusema mbele ya watoto kwamba kanisa la upande wa pili si kanisa. Hilo mzungumze mapema wenyewe wawili, mtu aongee na wazazi wake.

Tunataka kualika majirani Waislamu sikukuu. Kuna la kuzingatia?

Mwombe jirani au kijana wake aje achinje. Kuku au mbuzi akichinjwa na Muislamu, mtaa mzima unakula, na hakuna anayebaki kunywa soda tu kwa adabu. Pilau ipikwe kwenye sufuria ambazo hazijapikiwa nguruwe. Mbege (pombe ya ndizi) na bia ziwe mbali na meza. Na sahani zilizokuja na pilau wakati wa Idi zilirudi tupu? Basi hii ndiyo nafasi yake.

Na mbege je? Nyumbani sikukuu bila mbege haijawa.

Washarika wanatofautiana hapa na ukurasa huu hautamaliza ubishi wa miaka zaidi ya mia. Tunasema mawili tu. Usije ibadani umekunywa. Na usiendeshe gari. Barabara za mlimani ni nyembamba, zina kona na watoto, na wachungaji wa huko wamechoka kuzika Januari.

Sisafiri mwaka huu. Kuna ushirika wowote mjini au kila mtu ameondoka?

Upo, na wengine tunaupenda kuliko wa miezi mingine. Jumuiya zilizobaki na watu wachache huungana mbili au tatu. Mnakutana nyumba moja, mnasoma Neno, mnaombea walioko barabarani, halafu kila mtu ametoka na kitu jikoni kwake. Watu ambao miaka mitano mmekaa mtaa mmoja mnasalimiana kwa kichwa, siku hiyo mnajuana majina.

Tunaomba mwangalie watu watatu ambao Desemba husahaulika.

Mgonjwa na mzee asiyetoka. Mchungaji hupeleka Chakula cha Bwana nyumbani, lakini lazima aambiwe. Toeni majina ofisini kabla ya Krismasi.

Mtu wa zamu. Wauguzi, askari, madereva, walinzi, watu wa hoteli: kwao tarehe 25 ni siku ya kazi. Mkesha wa tarehe 24 unawafaa baadhi. Wengine wataweza ya tarehe 26 tu. Wasiambiwe wamepoa kiroho. Anayetoka zamu ya usiku na kuja moja kwa moja akiwa na sare yake, mpisheni kiti.

Dada wa kazi. Familia inapanda gari kwenda Moshi, yeye anaachiwa nyumba, mbwa na funguo. Kama hamkumpa likizo aende kwao, basi angalau aachiwe nauli ya kwenda ibadani, ajue kanisa liko wapi na nani atakayempitia. Kama dini yake au dhehebu lake ni jingine, aende kwake. Mama mmoja wa jumuiya kumchukua akala naye mchana wa Krismasi ni kazi ndogo sana.

Tunataka kupeleka zawadi hospitalini au kituo cha watoto. Tunafanyaje?

Pigeni simu kwanza. Wodi ina msimamizi, na si kila mgonjwa anaruhusiwa kila chakula. Sabuni, mafuta ya kujipaka, pempasi, sukari na kanga hazileti shida. Kituo cha watoto kiulizeni kinachokosekana. Tarehe 25 huwa wamepokea biskuti na soda za kutosha kuugua, wakati Februari hawana unga. Mnaweza kwenda Februari. Kwaya iimbe hiyo Februari pia.

Picha: sura za watoto na wagonjwa zisirushwe mitandaoni. Mpige picha magunia ya unga kama lazima mpige.

Zawadi kwa mchungaji inaruhusiwa?

Inaruhusiwa na ni desturi nzuri. Mpeni ninyi wenyewe, waziwazi, kama familia au jumuiya: mchele, mafuta, kitenge cha mama mchungaji, mbuzi kama mmejaliwa. Isichanganywe na sadaka ya kanisa wala kupitishwa kwenye bahasha ya ahadi. Wainjilisti na mtunza kanisa wakumbukwe pia. Mbuzi wote wakienda nyumba moja haipendezi.

Ibada ya kufunga mwaka tuje na watoto?

Mkiweza kuwabeba wakilala, njooni. Leteni kanga ya kuwafunika, maji, na mkubaliane mapema mtarudi na usafiri gani, kwa sababu baada ya saa sita usiku bodaboda hupandisha bei na barabara ina watu waliosherehekea kwa namna nyingine. Wanaoishi mtaa mmoja rudini pamoja. Asiyeweza usiku, ibada ya tarehe 1 asubuhi ni ibada kamili, haina upungufu wowote.

Shukrani za mwaka hutolewa usiku huo. Ushuhuda uwe mfupi. Kuna saba nyuma yako na saa sita haisubiri.

Kadi za ahadi na malimbuko za Januari zinafanyaje kazi, wakati Januari yenyewe hakuna hela?

Malimbuko ni sadaka ya mapato ya kwanza ya mwaka. Hakuna tarehe moja kwa wote. Mwenye mshahara hutoa akishalipwa, mwenye duka akishauza, mkulima akishavuna, hata kama ni Julai.

Kadi ya ahadi ni kitu kingine. Unaandika kiasi unachokusudia kutoa kwa mwezi au kwa mwaka, ili baraza lipange bajeti. Kaeni chini mke na mume muijaze baada ya kulipa ada za shule, siyo kabla, na siyo usiku wa mkesha mkiwa mmepandwa na furaha. Andikeni namba mnayoweza kuitimiza mwezi Agosti, mwezi ulio mbali na shamrashamra za Krismasi. Mwaka jana mliandika kubwa mkashindwa? Andikeni ndogo, hakuna atakayewaita ofisini. Hali ikibadilika katikati ya mwaka, kupanda au kushuka, ombeni kadi mpya kwa mhasibu na ile ya zamani itafutwa.

Kadi hurudishwa mwisho wa Januari. Kama bado uko Moshi, piga picha kadi uliyojaza umtumie mzee wa jumuiya yako, naye ataipeleka ofisini.